Kipimo cha Moshi Nacho Kipimwe

Mwaka 2025 serikali ya Rwanda ilianza kuwataka wenye magari wayapeleke kupimwa moshi. Hatua hiyo ni ya busara. Moshi wa dizeli si kero ya pua tu: mwaka 2012 chombo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliutaja kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Na ni nani auvutaye kuliko askari wa usalama barabarani, asimamaye njia panda kutwa?

Lakini sheria ya moshi husimama juu ya tarakimu, na tarakimu hutolewa na mashine. Kwa magari ya dizeli, mashine hiyo hupitisha mwanga katika moshi na kupima kiasi kilichozuiwa. Kioo chake kikichafuka, moshi mdogo huonekana mkubwa. Ndiyo maana yapasa kwanza ipewe hewa safi, isome sifuri. Kisha izibwe mwanga wote, isome mia. Halafu iwekewe kioo cha giza ambacho thamani yake yajulikana, ionekane kama yasema kweli.

Kupima masizi yaliyokwisha kutawanyika angani ni kugumu zaidi. Katika mlima Mugogo, nchini humo humo, kipo kituo cha kuchunguza hewa kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500. Huko hewa huvutwa kupitia chujio, na weusi wa chujio ndio usomwao. Katika upimaji wa namna hii, nyuzi za chujio hutawanya mwanga na kuyafanya masizi yaonekane mengi kuliko yalivyo. Na doa likizidi weusi, masizi mapya huhesabiwa pungufu. Wataalamu husahihisha makosa hayo kwa kulinganisha mashine ya chujio na nyingine isiyo na chujio, ambayo huyamulika masizi yakielea na kunasa sauti ndogo ya hewa iliyopashwa joto nayo.

Mwanajeshi hahitaji maelezo marefu. Bunduki ambayo shabaha yake haijarekebishwa hupiga pembeni hata mikononi mwa mlengaji hodari. Hapa anayeumia ni raia: dereva hutozwa faini bila kosa, au lori lenye sumu huruhusiwa kupita.

Twaona, basi, kwamba cheti cha ukaguzi wa mashine, chenye tarehe, kikae kando ya mashine yenyewe, na dereva aruhusiwe kukisoma. Askari mwenye kipimo cha kweli hana haja ya kubishana na mtu.