Land Rover Iliyofufuliwa: Rangi Isimpumbaze Mnunuzi

Anayetaka Land Rover 109 iliyofufuliwa kwa kazi za Lushoto aanze kukagua uvunguni. Bodi ni ya alumini, hivyo hung'aa hata pale chasisi ya chuma inapoliwa na kutu, na mvua za Usambara hazina huruma. Kiwanda kiliacha kuiunda mwaka 1985. Defender ya zamani nayo ilikoma Januari 2016. Ndiyo jeuri ya wauzaji.

Kwa wakusanyaji wa Marekani, Mustang ya miaka ya 1960 yenye injini iliyotoka nayo kiwandani kwa kawaida huishinda bei iliyobadilishwa. Milimani hesabu ni kinyume: dizeli ya Toyota, yenye vipuri na mafundi wanaoijua, ni bora kuliko petroli ya asili inayokunywa faida yote ya kabichi. Ila namba ya injini isipolingana na kadi ya gari, mzigo ni wa mnunuzi. Muuzaji airekebishe TRA kabla ya kupokea hata senti.

Na breki? Injini mpya yenye nguvu, breki zile zile za zamani, shehena ya viazi, na mteremko wa Soni hadi Mombo: hapo bei ikatwe sana, au mnunuzi aondoke.