Gari la ughaibuni: Lipandishwe meli au liuzwe hukohuko?

KWA familia iliyoishi ughaibuni miaka kumi, safari ya kurudi nyumbani huanzia kwenye kontena. Jokofu, vitanda vya watoto, vyombo vya jikoni na mabegi ya nguo hupangwa kwa zamu. Kisha hubaki swali moja ambalo huwagawa hata mume na mke: je, gari lililoegeshwa nje lipandishwe meli, au liuzwe hukohuko na fedha zake zinunue jingine Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi?

Kwa wengi gari ndiyo mali ya pili kwa thamani baada ya kiwanja au nyumba, na kosa la karatasi moja tu linaweza kumeza akiba ya miaka ya kazi za usiku hospitalini au kwenye maghala. Hata hivyo, uamuzi huu mara nyingi hufanywa haraka, kwa kusikiliza simulizi za rafiki aliyefanikiwa, bila kuuliza rafiki huyo alitimiza masharti gani.

Msamaha ni wa mtu, si wa gari

Msingi wa suala hili umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Jedwali la Tano la sheria hiyo linampa nafuu ya ushuru mtu anayehamisha makazi yake kutoka nje ya Jumuiya. Pamoja na vitu vya nyumbani, mtu huyo anaweza kuingiza gari moja. Basi dogo la zaidi ya abiria 13 halimo, wala gari la mizigo la zaidi ya tani mbili.

Sharti kubwa ni kwamba mwenye gari awe amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje ya nchi za Jumuiya kwa miezi 12 au zaidi. Siku ambazo gari linakuwa baharini hazihesabiwi. Aidha, mali hiyo inapaswa kuingia ndani ya siku 90 tangu mwenyewe awasili, isipokuwa kama Kamishna ataongeza muda.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu anayerejea Desemba hununua gari zuri zaidi mwezi Agosti, kwa nia njema ya kuja nalo nyumbani. Gari analoliuza ili kulipata hilo jipya ndilo lililokuwa na sifa ya msamaha. Lile alilolinunua lina miezi minne tu mikononi mwake, na mbele ya afisa wa forodha ni gari la kawaida linalodaiwa ushuru wote.

Wapo pia wanaodhani msamaha unaweza kurithishwa. Kijana aliyeko Birmingham humtumia baba yake gari kama zawadi, akiamini kuwa miaka yake ya ughaibuni inatosha kulilinda. Lakini yeye hajahama. Bado anaishi na kufanya kazi hukohuko. Nafuu hiyo haitolewi kwa chombo kilichotoka mbali, bali kwa mtu anayehama pamoja na maisha yake. Hali kadhalika, aliyepewa msamaha akiliuza gari kwa mtu asiyestahili, ushuru uliosamehewa hudaiwa.

Kenya imeweka masharti zaidi. Mkenya anayerejea anatakiwa awe ameishi nje kwa miaka miwili au zaidi, na katika kipindi hicho ziara zake nyumbani kwa jumla zisizidi siku 90. Kwa mtu mwenye wazazi wagonjwa, au anayesimamia ujenzi wa nyumba, siku hizo huisha bila yeye kujua. Muhuri wa uhamiaji katika pasipoti hausahau.

Hesabu ya asiye na msamaha

Asiyetimiza masharti hana budi kupiga hesabu kama mwagizaji mwingine yeyote. Kwa Tanzania Bara, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Hufuata ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini: gari lisilozidi cc 1,000 halitozwi, la kuanzia hapo hadi cc 2,000 hutozwa asilimia 5, na la zaidi ya hapo asilimia 10. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na lililovuka miaka kumi huongezewa asilimia 30. Juu ya yote hayo huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba kodi hizi hupandiana. Chukua mfano wa gari la cc 1,500 ambalo thamani yake iliyokubaliwa na forodha, pamoja na nauli ya meli na bima, ni dola 4,000. Kama halijafikisha miaka minane, ushuru wa forodha ni dola 1,000, ushuru wa bidhaa dola 250 na kodi ya ongezeko la thamani dola 945. Jumla ni dola 2,195, bila kuhesabu tozo ndogondogo.

Gari la thamani hiyohiyo lililovuka miaka kumi hulipiwa dola 1,000 za forodha, dola 250 za injini, dola 1,500 za uchakavu na dola 1,215 za ongezeko la thamani. Jumla ni dola 3,965, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Aliyetaka kuokoa kwa kuchukua gari kuukuu anajikuta amenunua magari mawili na kupata moja.

Tena thamani inayotumika si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye ankara. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, na mtu anaweza kuuangalia mtandaoni kabla ya kutoa hata senti. Nchini Kenya, hesabu huanzia kwenye bei ya rejareja ya gari la aina hiyo, kisha hupunguzwa kulingana na umri. Huko ushuru wa forodha wa magari yaliyotumika ulipandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023, mbali na ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kwa kuwa viwango hubadilika bajeti zinaposomwa kila Juni, hesabu ya mwaka jana si ya kuamini mwaka huu.

Umri na upande wa usukani

Kodi si kikwazo pekee. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 lililokubalika lilikuwa la 2018 au baada ya hapo. Uganda ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania haikufunga mlango, ila huutoza umri huo fedha.

Usukani nao una sheria yake. Anayerejea kutoka Uingereza au Japani ana bahati, kwa kuwa nchi hizo huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Kenya, Uganda na Tanzania. Aliyeko Marekani, Ujerumani, Sweden au Oman anamiliki gari lenye usukani wa kushoto, ambalo Kenya hailisajili isipokuwa kwa matumizi maalumu. Kwa raia wake wa aina hiyo, Kenya imeacha dirisha: aliyemiliki gari la usukani wa kushoto kwa mwaka mzima anaweza kuliuza, kisha akaingiza la usukani wa kulia lenye thamani isiyozidi ya lile aliloliuza, akiwa na uthibitisho wa mauzo.

Kwa Mnyarwanda mambo hugeuka. Rwanda huendesha upande wa kulia, hivyo gari la kutoka Ubelgiji linafaa na la kutoka London halifai. Dubai, kwa upande wake, ina eneo huru la biashara ya magari ambako magari ya usukani wa kulia huuzwa kwa ajili ya wateja wa Afrika, ingawa barabara za mji huo ni za usukani wa kushoto. Mfanyakazi wa Ghuba anaweza kununua hapo, lakini gari ambalo hajalitumia mwaka mzima halina msamaha.

Baada ya meli kutia nanga

Wapo waliofaulu mitihani yote ya forodha na bado wakajuta. Gari zuri katika barabara za Leicester si lazima liwe zuri kati ya Segera na Chalinze. Magari ya Uingereza hupita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, na kutu hujificha chini ya bodi. Vauxhall, jina linalotumika Uingereza pekee, si gari ambalo fundi wa mtaani amelizoea, wala vipuri vyake havipatikani kirahisi Gerezani au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Toyota iliyotoka Japani ina soko, ina fundi na ina vipuri kila mji. Siku ya kuliuza, tofauti hiyo huonekana kwenye bei.

Kuna pia gharama ya kusubiri. Gari likifika bandarini kabla ya hati ya shehena au kabla ya fedha za ushuru, siku za bure hupita na gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliwalazimisha wenye meli wengi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ratiba zikavurugika. Sarafu nayo haisubiri mtu: dola iliyokuwa chini ya Sh2,400 za Tanzania mwanzoni mwa 2023 ilivuka Sh2,600 katikati ya 2024. Aliyeweka akiba ya ushuru kwa shilingi alijikuta amepungukiwa kabla meli haijafika.

Jingine ni uhalali wa gari lenyewe. Gari la mkopo Uingereza ni mali ya mkopeshaji mpaka deni liishe, na kulisafirisha bila idhini yake ni kosa. Mwaka 2015 magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza yaligunduliwa Uganda, na tangu hapo historia ya gari si jambo la kupuuza. Aliyenunua kwa bei ya kushangaza mtaani London anaweza kulipoteza mbele ya polisi wa Mombasa.

Yadi nayo ina mitego

Je, basi ni afadhali kununua nyumbani? Kununua yadi kuna faida moja kubwa: mnunuzi huliona gari, huliwasha, humleta fundi wake na huondoka nalo likiwa limelipiwa. Bei anayotajiwa ndiyo bei ya mwisho, na hatari ya bahari na bandari imeshabebwa na mwenye yadi, ambaye naye hulipwa kwa hatari hiyo.

Hata hivyo, si kila kinachong'aa hapo ni kizima. Kilomita hurudishwa nyuma. Gari lililogongwa hunyooshwa na kupakwa rangi. Kwa magari ya Japani, karatasi ya mnada huonyesha daraja la gari na alama ya R kwa lile lililowahi kutengenezwa baada ya ajali, na muuzaji asiyetaka kuionyesha ameshajibu swali. Kwa gari ambalo limeshasajiliwa nchini, kadi ihakikiwe kwa mamlaka husika na si kwa macho, kwa kuwa baadhi ya magari huuzwa yakiwa bado dhamana ya mkopo.

Hatari kubwa kuliko zote kwa aliyeko mbali ni kununua kwa kutumia macho ya mtu mwingine. Fedha hutumwa kwa ndugu, ndugu humtafuta dalali, dalali huongeza chake, na picha zinazofika kwenye simu ni za gari lililooshwa vizuri. Udugu mwingi umevunjika hapo. Fundi anayelipwa na mnunuzi mwenyewe, na fedha zinazotumwa moja kwa moja kwa mwenye gari baada ya ukaguzi, hugharimu kidogo kuliko kesi ya ukoo.

Mlango wa upande wa pili

Anayekwenda ughaibuni hukutana na mlango uleule, ila umewekwa na wengine. Uingereza humpa nafuu mhamiaji aliyeishi nje kwa miezi 12 na kulimiliki gari kwa miezi sita, mradi asiliuze kwa mwaka mmoja. Asiye na nafuu hiyo hulipa ushuru wa asilimia 10 na kodi ya asilimia 20. Marekani hailipokei kwa matumizi ya kudumu gari la chini ya miaka 25 ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake vya usalama. Kwa mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, kununua hukohuko karibu daima ndilo jibu.

Kwa anayerudi nyumbani, jibu hutegemea tarehe. Mwenye gari la kawaida la usukani wa kulia, lisilozidi umri, alilolitumia zaidi ya mwaka mzima na lenye vipuri nyumbani, ana sababu nzuri ya kulipakia. Anayekosa hata moja kati ya hizo aliuze, achukue fedha zake mkononi na aje kuchagua kwa macho yake. La msingi ni kwamba uamuzi huu haufanywi mwezi wa kufunga mizigo, bali mwaka mmoja na nusu kabla, wakati bado kuna nafasi ya kubadili gari na kuhesabu siku katika pasipoti.

Haraka haraka haina baraka, na bandarini haraka hiyo hulipiwa kwa dola.