INJINI KUBWA, BREKI ZA ZAMANI



Siku hizi imezuka desturi katika gereji zetu, na madereva wengi wameleta habari zake katika ofisi ya tawi. Mwenye gari ana pikapu ndogo ya zamani, labda Datsun 1200 au Hilux ya miaka ya sabini. Bodi ingali nzima, chesisi haijaoza, lakini injini imechoka. Badala ya kuifungua na kuitengeneza, tajiri ananunua injini kubwa zaidi iliyotolewa katika gari nyingine, anamwambia fundi aiweke, na kesho yake anampa dereva ufunguo na kumwambia, "Sasa gari ina nguvu, ongeza magunia." Juu ya jambo hili tunataka kusema, kwa maana linawahusu madereva, mafundi na mataniboi pamoja, na hao watatu mara nyingi hulaumiana wenyewe kwa wenyewe wakati aliyepata faida amekaa nyumbani kwake.

Kwanza ieleweke kwamba sisi hatupingi injini kubwa. Wako wasemao kwamba pikapu ya zamani ikae na injini yake mpaka ife. Hao hawajapanda ule mlima wa kutoka Mai Mahiu kwenda Kimende na viazi vya Kinangop katika gia ya kwanza, maji yakichemka katika rejeta na malori yakipiga honi nyuma. Injini ndogo ikilazimishwa kutwa nzima hula mafuta mengi na kufa mapema, na dereva hufika sokoni amechoka kama aliyebeba magunia kwa mgongo. Tena sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika ambayo imezidi miaka 8, basi pikapu kuukuu ya bei ya chini haiwezi kuagizwa kutoka ng'ambo. Aliye na yake huishika. Hatuwezi kumlaumu mwenye duka mdogo kwa hilo.

Na kazi yenyewe si uchawi. Datsun 1200 ilitoka na injini iitwayo A12, silinda nne, cc 1171. Kiwanda hicho hicho kilitengeneza A14 ya cc 1397 na A15 ya cc 1488, na zote ni za ukoo mmoja. Kimo cha A14 kimezidi kidogo, lakini fundi mwenye akili huikalisha mahali pa ile ya kwanza bila kukata chuma kingi. Huko Afrika Kusini, Nissan wenyewe waliuza pikapu hiyo ndogo ikiwa na injini ya 1400 mpaka mwaka 2008. Kwa hiyo mtu asiwatishe mafundi wetu kwamba wanaharibu gari.

Lakini pikapu hiyo iliundwa kubeba kama nusu tani. Injini ya cc 1488 haiongezi hata kilo moja katika nguvu za springi, wala za ekseli, wala za breki. Hapo ndipo tunapoachana na matajiri. Wao hufikiri kwamba injini ndiyo gari. Dereva anajua kwamba kwenda ni nusu ya safari, na kusimama ni nusu ya pili. Tufanye hesabu kidogo. Gari iliyokuwa ikienda kilomita 60 kwa saa sasa inaweza kwenda 80 na mzigo ule ule. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini kazi ya breki wakati wa kusimama imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu, maana kazi hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza na magunia, hesabu inazidi tena. Na Datsun nyingi za namna hiyo zilitoka na breki za dramu mbele na nyuma. Dramu ikipata moto sana hutanuka na kuziacha bitana, bitana nazo hupoteza ukali, na mguu wa dereva unazama mpaka sakafuni. Jambo hilo halitokei katika uwanja wa gereji. Linatokea katikati ya mteremko, pengine taniboi amekaa nyuma juu ya mzigo.

Ya Hilux ni mabaya zaidi, kwa sababu huko mara nyingi hubadilishwa hata namna ya mafuta. Gari ilikuwa ya petroli, tuseme 12R ya cc 1587. Tajiri anataka dizeli, 2L ya cc 2446 au 3L ya cc 2779. Hizo ni injini nzito na za nguvu nyingi chini. Lazima vishikio vya injini vichomelewe upya, gia boksi ije pamoja nayo, na propela shafti ikatwe au irefushwe kisha isawazishwe, ama sivyo itatetemeka na kuua bearingi. Rejeta ya zamani haitoshi. Haya yote fundi huyaona, kwa kuwa yasipofanywa gari haitoki gerejini au hurudi baada ya siku mbili.

Liko moja ambalo halionekani. Katika gari yenye bustaa ya breki, injini ya petroli ndiyo inayoisaidia bustaa, kwa kunyonya hewa kupitia mpira mdogo unaotoka kwenye manifoldi. Injini ya dizeli haina mnyonyo huo. Ndiyo sababu Toyota waliweka pampu ya kunyonya hewa nyuma ya altaneta ya injini hizo. Sasa injini ya mtumba ikinunuliwa bila altaneta yake, tajiri hutafuta altaneta yoyote ya bei nafuu, isiyo na pampu. Betri inachajiwa, taa zinawaka, injini inanguruma vizuri, na kila mtu anafurahi. Mpira wa bustaa umefungwa mahali fulani au umezibwa kwa bolti. Pedali ni ngumu kama jiwe. Dereva mmoja wa tawi letu alipolalamika, aliambiwa kwamba huo ni ugumu wa breki mpya, utalainika kwa kuendesha, na kama ameogopa wako wengine wanaotafuta kazi. Wanachama wengi wanaufahamu usemi huo wa mwisho, hata wasiowahi kushika usukani.

Tunawaambia mafundi nao, kwa maana ni ndugu zetu: tunajua mnalipwa kwa injini peke yake. Tajiri anakubali fedha za injini na vishikio, halafu anasema breki zitaangaliwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hauji. Andikeni katika kadi ya kazi yale mliyoambiwa msiyafanye, na mwenye gari atie sahihi. Asiyetaka kutia sahihi amekwisha kuonyesha kwamba anajua hatari yake. (Na juu ya kuinua injini ya dizeli kwa mnyororo uliofungwa katika tawi la mti, tulikwisha kusema. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, lakini bima hairudishi vidole.)

Tena kuna karatasi. Namba ya injini na ukubwa wake vimeandikwa katika logibuku. Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo yapelekwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama yakaandikwe. Wengi hawafanyi, wakikwepa ada na ukaguzi. Askari akifungua boneti njiani na kuona namba mbili tofauti, atauliza kama injini imeibwa, na wa kujibu ni dereva ambaye hata risiti hajaiona. Ajali ikitokea, kampuni ya bima nayo imepata sababu ya kubishana.

Basi msimamo wetu ni huu. Gharama ya kuweka injini kubwa ihesabiwe pamoja na gharama ya breki, springi, klachi na rejeta, iwe hesabu moja. Mwajiri asiye na fedha za yote asianze na injini. Uzito wa mzigo ubaki ule wa kiwanda, hata injini iwe kubwa namna gani, kwa kuwa chesisi haikubadilishwa. Na kabla ya dereva kupokea ufunguo, gari ijaribiwe ikiwa na mzigo, katika mteremko, fundi aliyeitengeneza akiwa ndani.

Dereva anayeona hatari asinyamaze. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa aliyoiona, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Toeni habari hiyo kwa maandishi, mkabaki na nakala, maana maneno ya mdomo hukanushwa mbele ya hakimu. Mkiogopa kuandika peke yenu, mjumbe wa chama kazini ataandika pamoja nanyi.

Wajumbe wote wa gereji na wa magari ya mizigo wanaombwa wakusanye namba za pikapu zilizobadilishwa injini katika sehemu zao, na kando ya kila namba waandike kama breki ziliguswa au hazikuguswa, na kama logibuku imesahihishwa. Orodha hizo ziletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao na waajiri, ili tusiende mezani mikono mitupu.