MAONI: Kaseti za konserti za zamani zisiachwe zioze Kasongo na Kabambare

KASONGO – Vita inapokaribia kijiji, watu hubeba watoto, sufuria na karatasi za shule. Kaseti huachwa. Ndiyo maana familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya teritwari ya Kabambare zimepoteza pia sauti: okestra iliyopiga kwenye harusi, au konserti iliyonaswa na kijana aliyesimama karibu na spika na redio yake ya kaseti.

Nakala hizo hazikutolewa na mwanamuziki wala kampuni ya sahani. Mtu alibonyeza vitufe viwili akanasa, au alinasa muziki wa okestra uliopitishwa na Voix du Zaïre. Wako wanaosema huo ni wizi. Neno lao lisidharauliwe. Sheria ya nchi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi na za wanamuziki, na anayetoa nakala ili auze sokoni anakula jasho la mwenzake. Lakini kutunza si kuuza. Mzee aliyehifadhi kaseti miaka thelathini bila kupata hata franka moja hastahili kuitwa mwizi.

Tena kaseti hizo zina kitu ambacho sahani haina. Kwenye sahani ndogo za zamani, wimbo mrefu wa rumba ulikatwa vipande viwili, kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Kwenye konserti hakukuwa na mpaka huo. Sebene ilirefuka mpaka wachezaji wachoke, na mwimbaji alitaja majina ya watu waliokuwa mbele yake. Kwa familia isiyo tena na nyumba wala picha, jina la baba likitajwa ndani ya wimbo ni urithi.

Wengine watasema wakubwa wa muziki watatunza wenyewe. Mambo ya Kinshasa yanaonyesha kwamba hilo si hakika. Mwezi wa Septemba 1974, kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, kulifanyika tamasha la siku tatu. Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti na Miriam Makeba walipiga, na mafundi wa kazi walinasa kila kitu. Hata hivyo, albamu ya wanamuziki hao wa Afrika ilitoka mwaka 2017, miaka 43 baadaye. Franco alikuwa amefariki tangu 1989. Ikiwa muziki wa jiji kuu ulingoja hivyo, ni nani atakuja kutafuta konserti ya Kasongo?

Njia ya haki ipo. Nchini Marekani, kundi la Grateful Dead liliwatengea wenye vinasa sauti sehemu yao ukumbini mwaka 1984. Wapenzi wake walibadilishana kaseti kwa sharti moja: hakuna kuuza. Sharti hilo linaweza kufuatwa hapa pia.

Kazi yenyewe si kubwa, lakini haingoji. Joto na unyevu huharibu utepe, na redio za kaseti zinazofanya kazi zinapungua. Kwanza, vunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti ili mtu asinase kitu kingine juu yake. Pili, hamishia sauti kwenye simu au kompyuta. Tatu, andika jina la okestra, mahali na mwaka. Usipojua mwaka, usibuni. Nne, weka nakala mbili katika nyumba mbili, na ikiwezekana moja iwe kwa ndugu aliye Kindu au mbali zaidi, kwa sababu kadi ya simu nayo hufa au huibwa.

Redio za jamii zinaweza kutenga saa moja kwa juma kwa kazi hiyo, na wenye vibanda vya kutia nyimbo kwenye simu wanaweza kusaidia. Mwanamuziki aliye hai, au watoto wake, waulizwe kwanza kabla ya kupitisha sauti hewani. Na familia za wahamwa ziwe za kwanza kuitwa. Huenda harusi yao iliyobaki Kabambare imo ndani ya kaseti ya shemeji aliye Kasongo. Wapewe nakala yao bila malipo.