Wakopeshaji Wawili, Mdeni Mmoja

Mwezi Novemba 1991, nchi wahisani zilipokutana mjini Paris na kusimamisha misaada mipya kwa Serikali ya Kenya kwa muda wa miezi sita, wengi katika harakati zetu walimshukuru Mungu. Mwezi uliofuata Kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba na mfumo wa vyama vingi ukarejea. Shukrani hiyo ilistahili, lakini ilituachia mazoea mabaya. Tulizoea kumtazama mhisani kama shahidi wetu dhidi ya serikali, tukasahau kwamba yeye pia ni mkopeshaji, na kila mkopeshaji ana daftari lake. Tunataka kufungua ukurasa mmoja wa daftari hilo: ushirikiano wa Japani na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Mkataba wa kuianzisha Benki hiyo ulitiwa saini Khartoum mwaka 1963, na waasisi wake walitaka iwe mali ya Waafrika watupu. Fedha hazikutosha, na mwaka 1982 nchi za nje zikaruhusiwa kununua hisa, Japani ikiwa miongoni mwao. Nchi za Afrika bado zina sehemu kubwa ya hisa katika Benki yenyewe. Lakini katika Mfuko wa Maendeleo wa Afrika, ulioundwa mwaka 1972 ili kuzikopesha nchi maskini kwa masharti nafuu, nusu ya kura ni za wahisani. Hatuyasemi haya kwa kulalamika, maana atiaye mali yake hutaka kusikizwa. Tunayasema ili tusidanganyane kwamba kila uamuzi unaotoka Abidjan ni uamuzi wa Waafrika peke yao.

Mwaka 2005, viongozi wa mataifa tajiri walipokutana Gleneagles, Uskoti, Japani na Benki zilizindua mpango wa pamoja wa kuinua sekta ya kibinafsi barani. Mpango huo una njia tatu. Japani huikopesha Benki, nayo Benki ikayakopesha makampuni. Hutoa pia ruzuku kwa ajili ya mafunzo na ushauri. Tena Japani na Benki hukopesha serikali bega kwa bega, kwa mradi mmoja. Njia hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu serikali inapokopa, anayelipa ni mwananchi. Barabara ya kutoka Arusha kupitia Namanga hadi Athi River ilijengwa kwa utaratibu wa namna hiyo, fedha za Japani kwa upande wa Tanzania zikiungana na zile za Benki. Ni barabara nzuri. Wafugaji na wachuuzi wa Kajiado wanaitumia kila siku, na hatutamsikiliza mtu anayedai kwamba ingekuwa heri isingejengwa.

Swali letu ni lingine. Wakopeshaji wawili wakiingia katika mradi mmoja, mama aliyebomolewa kibanda chake kando ya barabara atabisha mlango upi? Benki ina ofisi yake ya kupokea malalamiko ya watu walioathirika na miradi, iliyoundwa mwaka 2004. Shirika la Japani la ushirikiano, JICA, lina utaratibu wake wa mapingamizi. Yote mawili yanawataka walalamikaji wawe wawili au zaidi, na kila moja lina kanuni zake. Serikali nayo itamwambia mama yule kwamba masharti yaliwekwa na wafadhili. Sisi mawakili tunaufahamu mchezo huu: washtakiwa wakiwa wengi, kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole, na jua likatua mlalamikaji akiwa bado amesimama barazani.

Yaliyotokea Marsabit yanatufundisha jambo. Japani haikuwa mkopeshaji mkuu huko, ila mtindo ulikuwa ule ule wa wakopeshaji kupangana. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliongoza ukusanyaji wa mikopo ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, na taasisi za fedha za nchi kadhaa za Ulaya zikajiunga. Mitambo 365 ilisimamishwa, megawati 310. Ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kupeleka umeme Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018, na mlipa kodi akabebeshwa faini ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia. Ardhi nayo, ekari 150,000 za malisho, ilitolewa na baraza la wilaya la wakati ule. Wakazi wa Laisamis walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati zilipatikana kinyume cha sheria. Wakopeshaji wote hao walikuwa na mawakili waliolipwa vizuri wakaguzi hati hizo kabla ya kutoa hata senti moja. Walichokiona wachungaji wa ngamia hawakukiona wao?

Tukirudi kwa Japani, tunaona mwanya wa kuutumia. Mkataba wake wa misaada wa mwaka 1992 ulitaja demokrasia kuwa jambo la kuangaliwa kabla ya kutoa msaada. Tena huko Tunis, Agosti 2022, ilipoahidi hadi dola bilioni 5 kwa mpango huu wa pamoja kwa miaka ya 2023 hadi 2025, ilitenga hadi bilioni moja kwa ajili ya nchi zinazojitahidi kuweka madeni yao wazi. Basi uwazi umekwisha kuwa sharti la mkopeshaji mwenyewe. Ajabu ni kwamba uwazi huo unatakiwa kwa mkopeshaji kwanza, na mdeni halisi, yaani raia, ausikie baadaye kama akibahatika.

Katiba ya 2010 haikupanga hivyo. Ibara ya 211 inasema kwamba Bunge likipitisha azimio, Waziri wa Fedha ana siku saba kuleta mbele ya kamati maelezo ya mkopo wowote: deni lote na riba yake, fedha zilitumikaje, na zitalipwaje. Ibara ya 201 inataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha za umma. Wabunge wetu wanazijua ibara hizi. Wanangoja nini, isipokuwa ruhusa ya vyama vyao?

Wasomaji wetu wa makanisani wanamkumbuka Nehemia, jinsi watu walivyomlilia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu yao. Hakuwaambia wangoje. Aliwaita wakuu mbele ya mkutano mkubwa, akawahoji hadharani juu ya kila shamba.

Parokia au kikundi chochote kilicho karibu na mradi wa namna hii kinaweza kuanza wiki hii. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakipa kila raia haki ya kuandika, kwa Kiswahili au Kiingereza, kuomba nakala ya mkataba wa mkopo, mpango wa fidia na majina ya walioandikishwa kulipwa. Afisa mhusika ana siku 21 za kujibu. Barua itiwe saini na watu wawili au zaidi, ili iweze kutumika pia Abidjan na Tokyo, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.