Msimamizi wa mirathi si mwenye shamba

BABA yangu mdogo alifariki Aprili 2019, wiki chache kabla ya uchumaji wa kahawa kuanza huko kwetu Mbozi. Aliacha ekari nne za kahawa, duka la pembejeo, mjane na watoto watano. Matanga yalipoanuliwa, kikao cha ukoo kilimteua kijana wake mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti kikaoni. Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha.

Kijana akauza kahawa ya msimu ule, akachukua na malipo ya pili kutoka chama cha msingi. Duka likaisha bidhaa. Mama mdogo akawa anakopa mbolea kwa majirani, akiamini kwamba aliyepewa barua na mahakama ndiye mwenye mali. Nami, msomi wa familia, nilikuwepo kwenye kikao kile na sikufungua mdomo.

Ndugu msomaji, barua ile humpa msimamizi kazi, haimpi mali. Kwa kanuni za mwaka 1971 za Mahakama za Mwanzo, anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni katika Fomu Na. 5, kisha hesabu katika Fomu Na. 6. Mrithi yeyote anaweza kwenda mahakamani kuziulizia, na msimamizi anayetumia vibaya madaraka yake anaweza kuondolewa. Kwetu hakuna aliyeuliza kwa miaka miwili.

Hasara yake si ya fedha za msimu mmoja tu. Mkahawa huzaa kwenye matawi yaliyokua mwaka uliotangulia, hivyo usipopogolea na kuweka mbolea leo, unaozwa ni mwakani.

Wafanyabiashara nao wasijione hawahusiki. Gharama za mazishi na madeni ya marehemu hulipwa kabla ya warithi kugawana. Kama marehemu alichukua mali kwako kwa mkopo, peleka stakabadhi kwa msimamizi mapema, maana kufuatilia deni kwa warithi watano waliokwisha kugawana ni kazi ya kuchosha.

Wengi huogopa gharama za wakili. Hata hivyo, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi na asiye na uwezo husaidiwa bure. Hawawezi kukuwakilisha mahakamani, lakini watakueleza shauri lifunguliwe wapi. Jambo hili si dogo: Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu, na shauri likifunguliwa pasipo na mamlaka, kazi ya miaka huweza kufutwa. Kwa maoni yangu, kila chama cha msingi kingemwalika msaidizi mmoja kwenye mkutano mkuu wa mwaka, pale ambapo wanachama wamekusanyika tayari. Posho za wajumbe zinapatikana kila mwaka. Nauli ya mtu mmoja haitashindikana.

Mama mdogo alikutana na msaidizi wa namna hiyo mwaka 2021, kwa bahati tu, kwenye foleni ya zahanati. Kijana aliitwa mahakamani, hakuwa na hesabu, uteuzi wake ukatenguliwa. Mwaka 2022 mama mdogo aliikata ile mikahawa hadi visiki. Mavuno ya kueleweka ameyaona 2024.