Mwenye Zahanati ni Mwananchi

Juma hili twataka kusema na wanachama wetu, na hasa madiwani, wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa kamati za zahanati, juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni kazi ya waganga peke yao. Jambo hilo ni usimamizi wa afya ya wananchi. Ni nani anayehesabu makasha ya dawa yanaposhushwa garini? Ni nani anayetazama fedha za kituo zimeingia ngapi na zimetoka ngapi? Ni nani anayeuliza kwa nini choo cha sokoni kimejaa tangu masika? Ikiwa jibu ni kwamba mambo hayo yanatazamwa Dodoma, basi sisi twasema wazi kwamba hayatazamwi na mtu.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika hao watatu, maradhi ni adui mwenye hila. Haji kwa tarumbeta. Huingia kwa mtungi wa maji, kwa nzi wa jalalani, kwa dawa iliyokwisha muda wake na kwa zahanati iliyofungwa saa sita mchana. Adui wa namna hiyo hapigwi kutoka mbali. Hupigwa na mtu aliye karibu naye, anayemwona kwa macho yake mwenyewe.

Wakati wa mkoloni afya ilikuwa amri. Bwana Afya alikuja na daftari lake, akachungulia choo, akaandika faini, akaenda zake. Mwananchi alikuwa mtu wa kukaguliwa, wala hakuwa mtu wa kukagua. Dar es Salaam iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na hoja ya kuzuia maradhi ilikuwa miongoni mwa visingizio vya kuwatenga watu namna hiyo. Huko mashambani Sheria ya mwaka 1926 iliwafanya machifu kuwa mkono wa Serikali ya kikoloni. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu halmashauri, lakini Bwana Shauri alibaki pale pale, na neno lake lilikuwa zito kuliko la baraza zima.

Uhuru uliligeuza jambo hilo. Mwaka 1963 madaraka ya uchifu yaliondolewa, na halmashauri zikawa za watu waliochaguliwa na wenzao. Hatusemi kwamba zilikuwa za malaika. Fedha zilikuwa chache, wataalamu wachache zaidi, na nyingine ziliingiwa na ubadhirifu. Lakini mgonjwa hutibiwa, hazikwi akiwa hai. Halmashauri hazikutibiwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Mpango uliochukua nafasi yao, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, uliitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri. Lakini madaraka yaliyotoka Dar es Salaam yalishukia katika ofisi za wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, wala hayakufika kwa mwananchi. Aliyekuwa na haki ya kumwuliza diwani wake juu ya mfereji ulioziba, sasa alikuwa na haki ya kungoja barua ijibiwe.

Yaliyofuata katika miji yetu yanajulikana. Mifereji ya maji machafu iliharibika, taka zililala barabarani, barabara zikawa mashimo na zahanati zikapungukiwa. Kisha, mwaka 1977 na 1978, kipindupindu kikaivamia nchi kwa kishindo. Hatusemi kwamba kuvunjwa kwa halmashauri ndiko kulikoleta mdudu wa kipindupindu. Mdudu huyo alikuwa akizunguka dunia. Twasema kwamba alipobisha hodi, hapakuwa na mwenye nyumba wa kumzuia mlangoni. Mwaka huo huo wa 1978 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa Sheria Namba 7, 8 na 9 za Serikali za Mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikarudi kufanya kazi Tanzania Bara nzima. Naye Mwalimu Nyerere, katika mwaka 1984, alisema bila kificho kwamba lau angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Mwalimu aliyasema hayo akiwa bado Ikulu, na neno la kiongozi wa namna hiyo halifai kusahauliwa.

Wako watakaosema: mbona mwaka 1973, halmashauri zikiwa zimekwisha kuvunjwa, kampeni ya Mtu ni Afya ilifanikiwa? Ni kweli ilifanikiwa. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Sisi twaisifu kampeni ile mpaka leo, kwa kuwa ilithibitisha kwamba mwananchi akielezwa sababu hahitaji kutishwa kwa faini. Lakini kampeni ina mwisho wake, na choo hujaa baada ya kampeni kwisha. Juhudi isiyokuwa na msimamizi wa kudumu ni moto wa makuti: huwaka juu, ukazimika upesi.

Leo halmashauri tunazo. Katiba, katika Ibara ya 145 na 146, imeziweka ili zipeleke madaraka kwa wananchi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zimo mikononi mwa halmashauri, chini ya TAMISEMI, na Wizara ya Afya hutoa sera na miongozo ya kitaalamu. Halmashauri ina Mganga Mkuu wake, ina Mpango Kabambe wa Afya, ina bodi ya afya. Madiwani wana kamati yao ya kutazama elimu, afya na maji. Kila zahanati yapaswa kuwa na kamati ya usimamizi iliyo na wajumbe kutoka kwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, zisipotee njiani. Na juu ya hayo yote, mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, wapasa kukutana kila miezi mitatu.

Basi ikiwa vyombo vyote hivyo vipo, kilio ni cha nini?

Kilio ni hiki: kuwa na halmashauri ni jambo moja, na halmashauri kusimamia ni jambo jingine. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka tena Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi na kuua watu, na maelfu kwa maelfu waliugua. Safari hii halmashauri zilikuwapo. Madiwani walikuwapo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ilikuwapo pia. Lakini maji machafu hayasomi sheria. Mwaka 1978 ulitufundisha kwamba bila halmashauri hakuna mlinzi. Mwaka 2015 ulitufundisha kwamba mlinzi aliyelala ni sawa na asiyekuwapo.

Twaona makosa matatu, na twayataja bila kumung'unya maneno.

La kwanza ni kamati za jina. Kamati ya zahanati huundwa, majina huandikwa, kisha wajumbe huitwa siku ya kutia saini tu. Mjumbe huwekewa karatasi mbele yake, huonyeshwa mahali pa kuweka kalamu, na hajui kama ametia saini ya dawa, ya rangi ya ukuta au ya posho. Fedha kwenda moja kwa moja katika kituo ni jambo jema sana. Lakini fedha zikifika karibu na macho yakabaki mbali, hatukuwa tumepunguza hatari, tumeihamisha.

La pili ni kuogopana. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa kutoka juu, na diwani huchaguliwa kutoka chini. Madiwani wengine humwona mkurugenzi kama Bwana Shauri aliyefufuka. Huketi barazani wakapitisha taarifa ya afya ya kurasa nyingi kwa dakika chache, kwa kuwa waliipata asubuhi ile ile. Diwani asiyeuliza hakutumwa na wananchi kuketi; alitumwa kuuliza.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi, kwa kuwa latuhusu sisi wenyewe. Ni kulindana. Mwenyekiti wa kijiji ni wa chama chetu, diwani ni wa chama chetu, na mtumishi aliyeuza dawa ni shemeji wa mmoja wao. Mwananchi akisimama kuuliza, huambiwa kwamba anakichafua chama. La hasha! Anayekichafua chama ni aliyeuza dawa, na wa pili wake ni aliyemfichia siri. Chama hiki hakikuundwa kuwa pazia la wezi. Mama mjamzito aliyeambiwa akanunue glavu dukani ndipo apokewe, hali Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilimwahidi kuhudumiwa bila malipo, hataulizwa kadi yake ni ya rangi gani. Atakumbuka tu kwamba siku ya shida yake walinzi walikuwa wakilindana wao kwa wao.

Wako wasemao kwamba mkulima hawezi kumsimamia mtaalamu wa dawa. Twawajibu: hakuna aliyesema mkulima amfundishe muuguzi kuchoma sindano. Lakini mkulima ajuaye kuhesabu magunia yake ya korosho mnadani anajua pia kuhesabu makasha ya Bohari ya Dawa. Mama ntilie ajuaye kwamba mtaji wake umepungua shilingi mia tano anaweza kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Utaalamu ni wa mganga. Mali ni ya wananchi.

Wala tusieleweke vibaya. Hatuwaiti watu kwenda kuwatukana wauguzi. Twajua wapo wauguzi waliobaki peke yao zahanatini, wakizalisha usiku kwa mwanga wa simu, wakiamka asubuhi kupima watoto, wakijaza madaftari mchana kutwa. Watu hao ni mashujaa, na usimamizi wa kweli ni ngao yao. Kamati iliyo hai ndiyo itakayopiga kelele kwamba nyumba ya mtumishi inavuja, kwamba maji hakuna chumba cha kujifungulia, kwamba mtu mmoja hawezi kazi ya watu wanne. Mtumishi mwaminifu haogopi leja yake kufunguliwa. Anayeogopa ndiye wa kuchunguzwa.

Basi twawataka wanachama wetu wafanye mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za mfadhili.

Kwanza, mzigo wa dawa ukifika usifunguliwe pasipo wajumbe wa kamati kuwapo. Wahesabu, waandike, watie saini wakijua wanachotilia saini.

Pili, mapato na matumizi ya zahanati yabandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi, kila robo mwaka, mahali ambapo mgonjwa akiketi kungoja zamu yake aweza kusoma.

Tatu, mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kwa wakati wake, na habari za afya ziwe ajenda kamili: zahanati, vyoo, visima, na hali ya wazee, walemavu na yatima. Zisiachwe mpaka mwisho katika yale yaitwayo mengineyo, wakati akina mama wamekwisha kuondoka kwenda kupika. Kijiji kisichoitisha mkutano kwa mwaka mzima kimewanyima wakazi wake haki iliyo ndani ya sheria.

Nne, diwani arudi kwa wapiga kura wake kila baada ya baraza, awaeleze aliuliza nini juu ya afya na alijibiwa nini. Akisema hakuuliza, wananchi wamejua. Matawi yetu nayo yaweke kumbukumbu ya majibu hayo, yasomwe siku diwani huyo atakapokuja tena kuomba kuteuliwa.

Hili la nne twalitilia mkazo. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka, nazo zina manufaa makubwa. Lakini mkaguzi huja baada ya mambo kwisha. Husema dawa zilipotea. Hawezi kumrudisha mtoto aliyezikosa. Ukaguzi wa siku ile ile, saa ile ile, ni wa jirani anayeishi hatua mia mbili kutoka zahanatini, na jirani huyo ni wewe mwanachama.

Waasisi wetu hawakudai uhuru ili Bwana Afya mmoja aondoke na mwingine akae kitini pake. Walidai uhuru ili mtu aliyekuwa akikaguliwa apate haki ya kukagua. Haki hiyo imeandikwa katika Katiba na katika sheria. Iliyobaki ni kuitumia. Mkutano wa kijiji chako ukiitishwa, nenda. Usipoitishwa, mwulize mwenyekiti, hata kama ni ndugu yako na hata kama ni wa chama chako. Kisha simama uulize kwa sauti: dawa zilizokuja ni ngapi, na zilizobaki ni ngapi?

Uhuru na Kazi.